Usharika wetu Arusha unataka kufungua kituo cha mchana kwa wakimbizi, tuanzie wapi?

mtunza_ufunguo

Wakuu habari za jioni, Bwana asifiwe kwa wa upande wetu na asalam aleikum kwa wengine. Mimi ni katibu wa kamati ya diakonia (huduma kwa wahitaji) kwenye usharika mmoja wa KKKT, yaani kanisa la Kilutheri, hapa Arusha, sitataja upi maana mchungaji wangu anasoma humu kimya kimya namjua.

Iko hivi. Tuna ukumbi wa zamani wa sande skuli, watoto walishahamia jengo jipya, ule wa zamani umebaki wa kutunzia viti vya misiba na spika mbovu. Sasa tangu mwaka jana kuna akina mama wanakuja pale getini siku za katikati ya wiki, wengine Wakongo, wengine Warundi, na kuna mkaka mmoja anasema yeye Msomali ila Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Wengine wanaomba unga. Wengine hawaombi kitu, wanakaa tu chini ya mjakaranda mpaka saa tisa alafu wanaondoka, hapo ndo mimi nashindwa kuelewa.

Juzi alikuja mgeni kutoka usharika rafiki wa Ujerumani akatuonyesha kwenye simu, kwao kanisa lina kituo cha mchana cha waomba hifadhi, watu wanaingia asubuhi wanakunywa kahawa, wanafundishwa lugha, kuna mtu wa kuwasaidia kusoma barua za serikali, jioni panafungwa kila mtu anarudi anakolala. Wazee wa kanisa wakapenda sana. Mmoja akauliza hela itatoka wapi, mwingine akauliza wakija polisi tutasema nini, kikao kikafia hapo maana chai ilikuwa imeshafika.

Naomba kwa anayejua: hii kitu kwa hapa kwetu inaruhusiwa? Na kama inaruhusiwa mnaanza na nini, maana wazee wanataka tuanze na bango na rejista. Nawasilisha.

mti_mkavu

Katibu achana na hiyo kitu. Wajane wa usharika wako umeshawamaliza? Ndo tabia yetu, mzungu akionyesha picha kwenye simu basi kesho yake tunatafuta ukumbi. Alafu siku Uhamiaji wakishuka na difenda pale getini huyo mgeni atakuwa yuko kwao anakunywa kahawa, wewe ndo utaenda kujieleza. Mimi nimemaliza.

mzee_wa_nduta

Mti_mkavu umeongea kwa ukali ila kuna kitu hapo, ngoja nikifungue vizuri.

Nimefanya kazi Kibondo, kambi ya Nduta, kuanzia 2016 mpaka 2019, kipindi cha Warundi wengi, kambi ilipita watu laki moja. Katibu, kitu cha kwanza tenganisha maneno. Mkimbizi ni yule ambaye serikali imeshamtambua. Mwomba hifadhi ameshasema nakimbia lakini hajajibiwa. Alafu kuna mtu wa jirani tu aliyekuja kutafuta maisha, na huyu usimdharau, maana Burundi na Rwanda wako Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, Kongo waliingia 2022, Somalia nao wameshaingia, kwa hiyo mtu anaweza kuwa Arusha ana pasi yake imegongwa muhuri vizuri kabisa na akawa bado ana njaa. Wote hao watatu ukiwaona chini ya mjakaranda wako wanafanana.

Sasa sheria. Tanzania si kama Ujerumani. Sheria yetu ya Wakimbizi ni ya 1998, na inataka mkimbizi akae kwenye eneo lililotengwa, kwa maana ya kambi, huko Kigoma. Akitaka kutoka anaomba kibali, awe anaenda hospitali ya rufaa, shule, au ana sababu nyingine inayokubalika. Wakati niko kule mtu kuzidi kilomita 4 kutoka kambini bila karatasi ilikuwa kosa, nimeona watu wamekamatwa wameenda kuokota kuni tu. Na anayeingia nchini kuomba hifadhi anatakiwa ajitokeze ndani ya siku 7 kwa ofisa husika, hata mtendaji wa kijiji anatajwa kwenye ile sheria. Kwa hiyo ukiweka bango getini KITUO CHA WAKIMBIZI ARUSHA umetangaza kwamba una watu ambao kisheria wanatakiwa wawe kambini huko Kasulu. Hujawasaidia, umewaanika.

Haina maana mkae mikono mfukoni. Andikeni barua kupitia dayosisi, dayosisi ina wanasheria, muulize Idara ya Huduma kwa Wakimbizi iliyo Wizara ya Mambo ya Ndani kanisa linaruhusiwa kufanya nini kwa mtu aliyeko mjini. Muulize kwa ujumla, MSIPELEKE MAJINA YA WATU. Na TCRS, lile shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, mnayo ndani ya nyumba, imeanza 1964 chini ya Walutheri wa dunia, enzi za wakimbizi wa Rwanda, wale wameshapitia kila kitu mnachokiwaza leo. Ajabu usharika unaenda kuuliza Ujerumani kitu ambacho babu zake wa kanisa walikifanya hapa hapa.

kikuletwa

Hapo kwa babu zetu umenikumbusha, wanaosema Arusha wakimbizi ni jambo geni waende Tengeru pale kwenye chuo cha mifugo waombe kuonyeshwa makaburi ya Wapolandi. 1942 walishushwa pale watu wa kutoka Poland, wengi wanawake na watoto, Warusi waliwatoa kwao wakawapeleka Siberia, wakazunguka kupitia Uajemi mpaka wakaja kuishia chini ya Mlima Meru, walifika kama elfu tano hivi. Walikuwa na kanisa lao, shule, hospitali, karakana. Bibi yangu upande wa mama, Mmeru, alikuwa anasimulia walivyokuwa wanakuja kununua ndizi na maziwa na hawajui hata neno moja, wananyoosha vidole tu.

Samahani nimetoka nje ya mada, endeleeni.

dada_wa_machame

Katibu pole na kazi. Mimi nimesoma Uingereza nikarudi Moshi 2024, na miaka miwili ya mwisho nilikuwa najitolea kwenye kituo cha aina hiyo, kanisa la kawaida tu lenye ukumbi nyuma, Jumanne na Ijumaa. Nitaandika ndefu mnisamehe, niko kwenye basi natoka Dar na tumekwama Same.

Kule mazingira ni mengine kabisa na lazima ulijue hilo ndo uelewe kwa nini vituo vile vipo. Mwomba hifadhi haruhusiwi kufanya kazi. Akisubiri jibu zaidi ya miezi 12 anaweza kuomba aruhusiwe, na hapo ni kazi zile tu zilizo kwenye orodha yao. Serikali inampa chumba na hela kidogo kwenye kadi, mwaka ule naondoka ilikuwa pauni 49.18 kwa wiki, na kama amewekwa hotelini anakolishwa chakula inashuka hata kumi haifiki. Ukitoa nauli ya kwenda kuripoti hujabaki na kitu. Kwa hiyo una watu wazima, kuna injinia, kuna mwalimu, kuna fundi magari, wameamka asubuhi na hawana pa kwenda mwaka mzima, wengine miaka mitatu. Ndo maana kituo kikawa cha MCHANA. Kitanda mtu anacho, kinachomuua ni ile saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni.

Kwa hiyo wale wako wanaokaa chini ya mti bila kuomba kitu mimi nawaelewa kabisa.

Mlangoni hakuna rejista ya maana. Kuna daftari, unaandika jina unalotaka kuitwa, basi. Tulikuwa na mzee wa Irani kajiandika "Simba" miezi minane hakuna aliyemuuliza. Hakuna kuuliza umefikaje, hakuna kuuliza kwa nini ulitoka kwenu, hata kama unataka kujua kwa roho nzuri, maana ile hadithi ameshaisimulia kwa maofisa na wanatafuta alipokosea tarehe, hataki kuisimulia tena kwako kwa sababu umempa biskuti. Picha marufuku, hata ya sahani.

Ushauri wa kesi pia marufuku. Kule ukimshauri mtu mambo ya uhamiaji na huna usajili ni jinai wewe mwenyewe. Tulikuwa na mwanasheria siku moja kwa wiki, sisi wengine tunaisoma barua kwa sauti, tunamwambia hapa wamesema uende tarehe fulani, tunakomea hapo. Nimeona mtu kaharibiwa kesi na mama mmoja mwenye moyo mzuri sana aliyemwambia "sema hivi utakubaliwa haraka".

Mahubiri hakuna ukumbini. Sala ilikuwepo, chumba cha pili, anayetaka anaingia. Najua wazee wa kanisa hapa watanuna, lakini nusu ya watu wetu walikuwa Waislamu na nyama ilikuwa halali, na mchungaji ndo alikuwa anaosha vikombe.

Kitu kilichobadilisha kile kituo lakini si hivyo vyote, ni jiko. Mwanzo sisi wa kujitolea tulikuwa tunapika, supu ya ajabu ajabu isiyo na chumvi, wao wanakaa wanapokea wanasema asante. Siku moja mama wa Eritrea kaingia jikoni bila kuomba ruhusa, kakaanga buni zake palepale ukumbi mzima ukanukia kahawa, watu wakaanza kuinuka kwenye viti. Kuanzia hapo jiko likawa la wageni kwa zamu, Jumanne hii Wasudani, wiki ijayo Wairani, sisi tunaambiwa kaeni chini mle. Waliokuwa wanakuja mara moja kwa mwezi wakaanza kuja saa mbili kabla hatujafungua. Mtu akipewa tu kila siku anasinyaa jamani.

Na lingine ambalo sikulitegemea, mtu akishakubaliwa ndo anapata shida kubwa. Kipindi changu barua ya kukubaliwa ikija una siku 28 utoke kwenye chumba cha serikali ukajitafutie. Tulikuwa tunapiga vigelegele siku ya barua, mwezi ukiisha huyo huyo analala kituo cha basi. Baadaye tukajifunza kupiga vigelegele na kutafuta chumba siku hiyo hiyo.

Basi limetembea. Mkiwa na swali niulizeni.

mti_mkavu

Dada nimesoma yote. Ila huko wana bajeti.

dada_wa_machame

Bajeti gani kaka, vikombe vilikuwa vya kuokoteza kila kimoja na rangi yake, na hita ilikuwa inazimwa saa tisa kuokoa umeme tunakaa na makoti. Majani ya chai ya kanisa moja hayawezi kuwashinda Walutheri wa Arusha wanaonunua ndizi mnadani baada ya ibada kwa elfu themanini mkungu mmoja.

mtunza_ufunguo

😂😂 hapo kwa mnada umetupata.

Jamani ngoja niseme ukweli ambao nilitaka kuuficha. Tulishajaribu kitu mwaka jana. Krismasi tulikusanya unga, mafuta, sabuni, tukasema tuwape wale akina mama. Mwinjilisti akawaita mbele siku ya Jumapili kwenye kipaza sauti, "wageni wetu wakimbizi wapite mbele", familia kama sita, watoto wamevaa vizuri kabisa wamejiandaa kwa ibada, wakapita, wakapewa, washarika wakapiga makofi, kuna kijana akarusha moja kwa moja Facebook. Mimi ndo niliandaa orodha ya majina. Jumapili iliyofuata hakuna hata mmoja aliyekuja, mpaka Machi. Tukawa tunasema hawa watu hawana shukrani, mimi nilisema hivyo kwa mdomo wangu kwenye kikao. Sasa nasoma hapa mambo ya picha na rejista nasikia joto usoni.

mzee_wa_nduta

Ile video imefutwa?

mtunza_ufunguo

Nimempigia sasa ivi. Anasema imetazamwa na watu mia tatu na kitu. Ameifuta.

mama_vitenge

Nimeingia humu kwa sababu mtoto wangu kanionyesha. Mimi natoka Uvira, Kongo, nauza vitenge soko la Kilombero hapa Arusha, na kabla hamjaniuliza nina vibali vyangu vyote na naviweka kwenye mkoba kila siku kama wengine wanavyoweka lipstiki.

Katibu usilie, video imekwisha. Nakwambia kitu kuhusu wale wa chini ya mti. Nilipofika huu mji tulipanga chumba kimoja watu saba, mwenye nyumba hataki mtu abaki mchana, anasema mnamaliza maji. Kwa hiyo asubuhi tunatoka na watoto, tunatembea. Sokoni wanakufukuza kama hununui. Stendi wanafikiri unaiba. Mahali pekee unapokaa bila kuulizwa unasubiri nini ni kanisani na hospitali, na hospitali kuna harufu. Kwa hiyo hawasubiri unga wako. Wanasubiri saa tisa.

Mimi siku zile ungeniuliza unataka nini ningekwambia choo kisafi, mahali pa kulaza mtoto, na soketi ya kuchaji simu. Ile simu ndo ndugu zako wote, ndo habari za kwenu nani amekufa nani amevuka ziwa, ikizima umekuwa kama umezikwa. Unga unapatikana tu, kuna siku unakosa kuna siku unapata. Soketi hakuna anayekupa.

Na lugha. Mnasema Wakongo wanajua Kiswahili hawana haja ya kufundishwa. Tunajua chetu! Mimi nilikuwa nasema "batoto" na "bale batu" watu wanacheka mpaka wanaita wenzao waje wasikie. Ofisini nilikuwa nasema kitu na ofisa anaelewa kingine. Mama mmoja wa Kichaga, mshonaji, alinikalisha kwenye benchi lake akawa ananirekebisha huku anashona, hakuita darasa, hakuwa na ubao. Miezi mitatu nikawa naongea kama mtu wa hapa, na kushona nikajua. Huyo mama hakuwahi kunipa hata kilo ya sukari na ndiye nitakayemwombea mpaka nakufa.

Alafu msiite kituo cha wakimbizi. Nani ataingia mlango wenye jina hilo na jirani anamwona. Ita hata ukumbi wa chai.

kikuletwa

Mama vitenge humu tulikuwa tunakungoja wewe.

mzee_wa_nduta

Naunga mkono hilo la jina, na kisheria ndo njia salama pia. Fungueni ukumbi kwa mtu yeyote. Mjane wa usharika aje, dada wa kazi aliyefukuzwa aje, mpiga debe mwenye malaria aje, Mkongo aje. Usiulize uraia maana huna kazi nao, wewe si ofisa. Lakini akija mtu akasema mwenyewe kwamba amekimbia na hajajitokeza popote, hapo usimfiche na usimdanganye kwamba kanisa lina kinga. Kule Ujerumani kuna utaratibu wa watu kulala kanisani na serikali inavumilia, hapa usijaribu. Mwambie sheria inasemaje, mpe nauli, na mtu wa kumsindikiza aliyetulia. Kusindikizwa ni nusu ya kesi, mtu akienda ofisini na mzee wa kanisa mwenye koti anajibiwa tofauti na akienda peke yake na mtoto mgongoni. Nimeona kwa macho yangu Kibondo.

Na daftari mlifunge kabatini jioni, au tumieni alilosema dada, jina moja tu. Daftari likishakuwa na jina kamili, nchi na namba ya simu, siku likipotea hujui limeenda kwa nani.

mtunza_ufunguo

Asanteni sana wakuu. Leo Jumamosi tumekaa baraza la wazee na nimesoma baadhi ya haya kwa sauti, sikusema nimeyatoa wapi ila mchungaji alitabasamu kwa hiyo nadhani ameshayaona.

Bango limekufa. Mzee aliyekuwa analitaka alikuwa ameshaongea na fundi na rangi ameshanunua, kwa hiyo tutapaka choo. Tunaanza Jumanne na Alhamisi, saa tatu mpaka saa kumi, tunaita Ukumbi wa Chai tu, wazi kwa yeyote. Viti vya misiba vipo mia na ishirini. Fundi umeme wa kwaya anatuwekea soketi kumi ukuta mmoja. Umoja wa wanawake wametoa cherehani mbili za miguu, moja mkanda umekatika. Barua ya dayosisi mchungaji anaiandika yeye mwenyewe. Daftari bado tunabishana, mweka hazina anataka majina kwa ajili ya ripoti ya matumizi, tumekubaliana ahesabu vikombe.

Kuhusu jiko, wiki ya kwanza tunapika sisi makande, alafu nimemwomba yule mama mwenye mapacha kama wiki ya pili wanaweza kushika wao. Akaniuliza sombe mnakula huku? Nikamwambia kisamvu tunakula. Akasema si kitu kimoja.

Mama vitenge ukipata nafasi Alhamisi karibu hata nusu saa, benchi lipo.

Shida moja imebaki, kuna mtu ana sufuria kubwa la kuazima, lita hamsini hivi? La usharika liko msibani mpaka Jumatano.

mti_mkavu

Ninalo. Niko Kijenge. Lije kuchukuliwa Jumatatu jioni na lirudi limesuguliwa, na mje na mfuniko wenu maana wangu mliupoteza kwenye kipaimara.